Mawe ya Kunyweshea Mitumbwi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawasawa kwanza. Simu wekeni chini. Shule yangu iliishia darasa la nne, na yaliyofuata nilijifunza kwa mikono na kwa macho, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kuandika. Sikilizeni ninachosema. Nataka kuwaambia habari ya boti ya plastiki, ile ya bluu mnayoiona pale mwaloni, vyombo vinapoegeshwa, kila siku. Mnaikalia mkichezea simu, mnaifutia miguu yenye matope, wala hamuijui. Mnadhani ni kitu cha kawaida. Mimi nimeishi na mitumbwi ya mbao tangu nimezaliwa, na nawaambia, kile kitu si cha kawaida.

Kwetu ni kwenye hii rasi iliyoingia ziwani, upande wa Musoma. Ukitazama kulia ni maji, kushoto ni maji, na katikati ni mihogo na mawe. Maji ya ghuba yetu ni mafupi. Unaweza kutembea ndani yake mwendo mrefu kabla hayajakufika kifuani. Lakini chini ni mawe matupu, mengine yametokeza mgongo kama kiboko, mengine yamekaa chini kidogo tu ya uso wa maji yakisubiri mtumbwi wa mtu. Samaki wazuri wanakaa humo humo kwenye mawe na matete. Sato yumo, mumi yumo, kamongo yumo kwenye tope. Ndiyo maana watu wetu hawakuweza kuyaacha yale maji, na ndiyo maana mitumbwi ya huku ilikuwaga haizeeki. Ilikuwa inakufa mapema.

Mume wangu, ambaye nitamwita babu yenu, alikuwa fundi wa mitumbwi. Kuanzia hapa mpaka karibu na Bunda, mtu akitaka mtumbwi wa maji mafupi alikuja kwake. Nilimwona akichonga, akipiga misumari, akiziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta, na mikono yake ikinuka mafuta hayo mpaka kitandani. Na bado mtumbwi ukishatoka mkononi mwake, kazi ndiyo imeanza. Jiwe linakwaruza, pamba inatoka. Mdudu anatoboa. Jua linapasua. Hakuna mwaka ambao hatukupindua mtumbwi wetu pwani, watu wakaja, nikapika, wakaziba, wakabandika kipande cha bati. Mwishoni unakuwa na bati nyingi kuliko mbao. Halafu siku moja unaoza kitakoni, unaukata kuni, unapikia ugali. Nimepikia mitumbwi mingi mimi.

Sasa kuna jambo moja mlijue, kwa sababu habari yote imesimama hapo. Mtumbwi wa mbao unakunywaga maji. Ukiuacha juani siku za kiangazi, mbao zinasinyaa, nafasi zinafunguka, ukiushusha unajaa kama kapu. Dawa yake ni kuunywesha. Unausukuma mpaka maji ya magotini, unaujaza maji, unapanga mawe ndani mpaka ulale chini, unauacha unywe. Mbao zinavimba, nafasi zinajifunga zenyewe. Huhitaji hata kuufunga kamba, kwa sababu mbao ikishalewa maji inakuwa nzito, haiendi popote.

Kila mji hapa ulikuwa na mahali pake pa kunyweshea na mawe yake. Mawe yetu yalichaguliwa na baba yake babu yenu. Ni mawe laini ya mviringo, yasiyokwaruza, yanayotosha kubebwa na mtu mmoja kwa kujikaza. Hukuweza kuchukua jiwe la mji mwingine. Ilikuwa ni tusi kubwa. Watu walishawahi kutosalimiana miaka kwa ajili ya jiwe.

Mwanangu alikuwa anavua kwa mtumbwi wa mwisho aliochonga baba yake. Akaugua, tukahangaika naye hospitali, akafa. Aliacha mke na watoto. Mkamwana wangu huyo hakuwa mtu wa kukaa analia. Arobaini ilipopita alichukua ule mtumbwi akaingia nao ziwani mwenyewe. Watu wakasema, mwanamke avue? Mimi nikawauliza, mbona mdomo wa mwanamke nao unakula, hamjauliza? 

Lakini ule mtumbwi nao ulikuwa umechoka. Uliingia kwenye jiwe, ukapasuka kitako, akarudi ameshika ndoo kwa mkono huu na kasia kwa mkono huu, maji yamemfika kiunoni akiwa amekaa ndani. Babu yenu akautazama, akapapasa, akatikisa kichwa. Macho yake yalishaanza ukungu, na mikono inatetemeka. Na miti ya mbao nzuri, mtaipata wapi? Hakuweza kuchonga mwingine.

Hapo ndipo dada yake mkamwana wangu alipoanza kumwita. Huyo dada anakaa Kiabakari, anaponda mawe ya dhahabu. Maneno yake yalikuwa mafupi: "Njoo tuponde. Watoto waache kwa bibi yao." Kila simu ni hilo hilo. Kulea siogopi, nimelea wengi. Niliogopa watoto waliomzika baba waamke na mama naye hayupo. Tena jiko la mkamwana wangu lilikuwa limeanguka na mvua za masika, na hakuna aliyelijenga. Alikuwa anapikia kwangu. Kwetu mwanamke ambaye hana jiko lake ni mgeni, hata akikaa miaka. Kila mtu aliliona lile jiko limelala chini, na kila mtu akajua maana yake: wanasubiri aondoke.

Ana kaka yake huko Mugeta, mfugaji. Huyo akamwambia, "Nakupa ng'ombe mmoja. Uza, nunua chombo unachotaka. Lakini kikizama, usirudi kwangu. Nenda kwa dada yako, mimi ng'ombe siokoti." Mkamwana wangu akamuuza ng'ombe mnadani. Tulidhani atanunua mbao. Tukaona kigari kinashuka kutoka barabara ya Bunda kimebeba kitu cha bluu, kinang'aa kama tangi la maji.

Mwalo mzima ulisimama.

"Mama watoto, hilo beseni unafulia mablanketi?" mvuvi mmoja akamuuliza.

"Si beseni," mwenzake akasema, "hiyo ni sahani ya ugali ya harusi."

Mama mmoja mwanika dagaa naye hakukubali kupitwa. "Mwenzangu, likikushinda nipe mimi, nianikie."

Mkamwana wangu anashusha tu kamba. "Chekeni," akasema. "Siku mitumbwi yenu ikizama nitawaokota nalo. Na nitawaweka kwenye pembe, kama nyanya."

Babu yenu aliletwa kulitazama. Hapa niwaeleze tena, maana vijana wa sasa mnakaa na wakwe zenu sofa moja mnaangalia mpira. Kwetu baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana. Hawakai benchi moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaulizani maneno. Wakiwa na jambo, linapita kwangu, hata wakiwa wamesimama karibu hivi kwamba wanasikiana wakipumua. Basi nikasimama katikati.

Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likaitika, bumu.

"Mwambie mkamwana wako," akasema, "hiki kitu hakina mbavu."

"Mama, mwambie baba hakihitaji mbavu."

"Misumari iko wapi?"

"Mwambie baba hakuna pa kupigilia."

"Kimeungwa wapi? Sehemu ya kuungia siioni."

"Mwambie baba hakijaungwa. Fundi wa kule dukani kaniambia kilikuwa uji wa moto, kikazungushwa kwenye umbo lake, kikaganda. Kuna ngozi ya nje na ngozi ya ndani, katikati ni hewa."

Babu yenu akaligonga tena. Halafu akaniuliza, taratibu, "Kama ugali?"

"Mama, mwambie baba ndiyo. Kama ugali."

Akaondoka. Jioni akaniambia kitu kimoja tu: kwamba yeye katika maisha yake hajawahi kuona chombo kisicho na sehemu ya kuvuja, na kwamba jambo hilo linamtisha.

Nami lilinitisha, ila kwa namna nyingine. Siku moja nilimwambia mkamwana wangu, nipakie nikaone. Tukaingia kwenye mawe yale ambayo wanaume wanayazunguka mbali. Kitako cha boti ni bapa, maji kidogo tu yanaitosha. Nikaona jiwe linakuja, mgongo wake uko pale pale juu. Nikashika pembe ya boti, nikasema moyoni, haya, Bwana, nakuja. Tukalipanda. Nawaambia nililisikia lile jiwe likipita chini ya nyayo zangu. Sakafu ilipanda ikashuka, kama tumbo la ng'ombe anayepumua. Kisha tukawa upande wa pili, na ndani pakavu. Mbao ingekuwa imetoa pamba yote. Nikainama nikapapasa kwa kiganja, hakuna hata jasho. Mkamwana wangu anapiga kasia tu, anatega mgono wake wa samaki kwenye matete, kama mtu aliyevuka kizingiti cha nyumba.

Mpaka tunafika pwani nilikuwa bado nimeishika ile pembe. 

Basi alivua msimu ule. Sato, mumi, siku nyingine kamongo mrefu kama mkono wa mtu. Ada ya watoto ikapatikana. Dada yake aliendelea kupiga simu: "Hilo beseni bado halijapasuka?" Naye anajibu, "Bado." "Litapasuka. Nakungoja."

Kiangazi kikaja. Shangazi yao hao dada wawili akafariki huko Butiama, mkamwana wangu akaenda msibani. Boti akaipindua mchangani, akaiacha. Jua la siku zile lilikuwa la kukaanga. Babu yenu alikuwa anapita pale kila asubuhi na fimbo yake, anasimama, anaiwekea kiganja, anaondoka. Mwishoni akaja kwangu.

"Mkamwana wako kasafiri, chombo chake kinakauka juani," akasema. "Akirudi kitamvujia."

Lazima muelewe, alisema hivyo kwa upendo. Alikuwa anamlindia mali yule mtoto, kwa njia aliyoijua. Wangekuwa baba na binti, angempigia simu amuulize. Lakini mkwe hapigi simu kwa mkamwana, tena msibani. Na mkamwana naye hakuwahi kutuambia kama hiyo boti inakunywa au hainywi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mimi ningeweza kumpigia, ila sikuona la kuuliza, nikasema, "Basi inywesheni." Katika mwalo wote hakuna aliyesema msifanye. Nani angesema? Kila chombo tulichowahi kukijua kilikuwa kinakunywa.

Babu yenu akaita vijana wa mwaloni. Wakaibeba kwa kicheko, nyepesi, mpaka mahali petu pa kunyweshea. Wakaijaza maji. Ikakaa tu, pembe zake zimetokeza juu, inawatazama. Wakaweka mawe. Ikashuka kidogo, ikasimama.

"Babu, inakataa!"

"Zote huwa zinakataa mwanzoni. Ongeza."

"Babu, mawe yanakwisha."

"Ongeza, nimesema. Unadhani nilianza jana?"

Wakaongeza yote, mawe ya baba yake, mpaka lililobaki pwani la kuoshea miguu. Hapo ndipo ikazama, shingo upande, ikitoa mapovu. Kijana mmoja akasema, "Hii babu umeilazimisha." Babu yenu akajibu, "Italala. Ikishakunywa italala." Hakuna aliyeifunga kamba.

Upepo ulikuja mchana, ule unaotoka katikati ya ziwa, unaanza na mstari mweusi huko mbali halafu ghafla uko mlangoni. Mawimbi yalipiga ghuba yetu mpaka mihogo ya chini ikaoshwa mizizi. Mtumbwi wa jirani, wa mbao, ulikuwa umefungwa kwenye matete, kamba ikakatika. Na boti yetu, mawimbi yaliyachezea yale mawe ya mviringo, yakayaviringisha nje moja moja. Mbao ingebaki chini. Hii ilikuwa haijanywa hata tone. Ilipopungukiwa mawe iliruka juu kama kizibo, tukaiona kwa macho, bluu, katikati ya povu. Upepo ukaichukua ukaitupa kwenye kona ya ghuba, pale kwenye majabali mawili yaliyopakana, ikakwama katikati.

Halafu ikaanza kugonga. Kila wimbi, bumu. Linarudi, bumu. Hakuna mtu ambaye angeweza kwenda pale. Mtumbwi wa jirani ulipelekwa kwenye majabali yale yale, na haukuchukua muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Ulifunguka, mbao zikatawanyika, jirani akashika kichwa. Boti ikaendelea. Bumu. Bumu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa wakaanza kusali. Babu yenu alitoka akaenda akasimama kwenye upepo, kofia ameishika kifuani. Nikamwita aingie ndani. Hakuingia.

Na katika hali hiyo hiyo ndipo mkamwana wangu akarudi, kwa bodaboda, na kanga ya msiba bado kaifunga. Nyuma yake bodaboda nyingine, dada yake. Walikuwa wote msibani, dada mtu kaja naye kuchukua jibu la kwenda Kiabakari.

"Mama, shikamoo. Ni nini kinagonga hivyo?"

Mimi sijui kuzunguka maneno. "Marahaba. Ni boti yako."

Nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama. Dada yake akaweka begi chini akasema, "Si nilikwambia? Beseni ni beseni. Kesho tunaondoka."  Watoto wakamshika mama yao kanga, mmoja huku, mmoja huku, naye anahesabu kwa masikio kila kishindo, namwona.

Babu yenu akaja. Akasimama mbali kidogo, akampa mgongo kama heshima inavyotaka, akatazama ziwa. Akasema kwa sauti, ingawa upepo ulikuwa unaichukua, "Mwambie mkamwana wako ni mkono wangu. Mwambie nilidhani namtunzia."

Sikumwambia. Alikuwa kasikia. Akanitazama mimi, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, mwambie baba nimesikia. Mwambie namshukuru kwa kunitunzia."

Katika ndoa yangu yote sijawahi kumwona babu yenu akiinamisha kichwa namna ile.

Upepo ulikata alfajiri. Kishindo kikaisha. Tulienda wote, vijana wakaingia maji ya kifuani wakaivuta. Walipoipandisha mchangani hakuna aliyecheka. Ubavu wote ulikuwa umekwaruzwa, plastiki imesimama kama manyoya ya mbuzi, nyeupe nyeupe. Na upande mmoja umebonyea ndani, shimo ambalo ungeweza kumlaza mtoto mchanga ndani yake.

Dada yake akaizunguka boti. "Imekufa. Imebonyea kama sufuria ya mlevi. Utaendaje nayo? Itakuwa inazunguka tu mahali pamoja kama bata mgonjwa."

Babu yenu akaomba ndoo. Akaijaza maji kwa ndani, kama alivyofanya kwa kila mtumbwi maishani mwake, akapiga magoti, akaanza kutafuta kwa nje panapotoka. Alipapasa kila kovu kwa kidole. Alikaa hapo mpaka magoti yakachora mchanga. Akanyanyuka, akanionyesha viganja vyote viwili. Vikavu.

"Mwambie haijatoboka."

"Mwambie baba, lakini ubavu?"

"Mwambie ubavu siuwezi. Mbao iliyopinda naipashaga moto naikunja. Hii siijui."

Basi wakaimwaga maji, wakaigeuza, ule ubavu ukatazama juu. Watu wakatawanyika. Dada yake akasema gari la kwenda Kiabakari ni la mchana, mtu ajiandae. Mkamwana wangu akaingia ndani kufunga nguo. Nilimwona anazikunja moja moja, polepole, kama mtu anayetaka zisiishe. Mimi nikakaa pale mwaloni, juu ya mchanga, karibu na ile boti, kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Babu yenu kakaa upande wa pili.  Jua likapanda, likawa kali kuliko la kabla ya upepo, lile lile tuliloogopa kwamba litaipasua.

Nilisikia kwanza kama mtu anayekwangua chini ya sufuria. Nikadhani ni kuku. Nikageuka, hakuna kuku. Nikatazama lile shimo, nikaona limepungua. Nikafumba macho, nikafumbua. Midomo ya shimo ilikuwa inasogea. Kitu ambacho hakina uhai, hakina mkono wa mtu juu yake, kinasogea mbele ya macho yangu.

"Mume wangu," nikasema. "Unaona?"

"Naona ukungu tu. Nini?"

"Weka mkono."

Akaweka. Plastiki ilikuwa ya moto kama jiko, lakini hakuutoa. Na mkono wake ukiwa hapo hapo, ubavu wote ukatoka nje kwa pigo moja, bumu! Kuku walikimbia. Mama wa dagaa akaangusha ungo. Babu yenu alirudi nyuma, akakaa kitako mchangani, halafu akatambaa tena kwa magoti, akapapasa kote, kutoka mwanzo wa ubavu mpaka mwisho. Umenyooka. Umerudi kama ulivyotoka dukani.

"Inakumbuka," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Jua limeipa moto, ikakumbuka ilivyozaliwa."

 Nilifanya ishara ya msalaba. Nimeona mambo ziwani humu, nimeona mamba akibeba ndama, nimeona nguzo ya maji ikitembea juu ya maji. Sijawahi kuona chombo kinajitibu.  Na ninawaambia ukweli, pamoja na mshangao nilipata hofu kidogo. Mtumbwi wa mbao nilijua utakufa nami nitakufa, tulikuwa tunaelewana. Hii itanizika mimi, itamzika mkamwana wangu, na wajukuu wenu wataikuta bado ni bluu. Mjue jinsi ya kuishi na kitu cha namna hiyo. Msije mkaitupa ziwani siku mkiichoka, haitaoza, itabaki pale ikiwatazama.

Mkamwana wangu alikuja mbio na nguo mkononi. Aliupapasa ule ubavu mara moja. Alizitupa zile nguo juu ya begi la dada yake, akavuta boti majini, akachukua kasia, akaingia kwenye mawe. Dada yake akasimama pwani mikono kiunoni. Mkamwana wangu alikwenda moja kwa moja, kama kamba iliyovutwa, akalipanda lile jiwe la mgongo, akashuka upande wa pili. Gari la mchana likapita huko juu barabarani. Tulisikia honi yake. Alirudi na mumi wawili na sato.

Dada yake alimla yule sato mpaka kichwa. "Haya," akasema akifuta vidole, "mimi kesho naenda kuponda mawe yangu. Wewe baki na beseni lako." Na akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Babu yenu hakula sana. Aliniambia, na mkamwana wake akiwa upande wa pili wa ukuta wa matete, "Mwambie yule mtoto, pale mahali pa kunyweshea hapana kazi tena. Mawe ya baba yangu yamekaa bure majini."

Nilimwelewa. Asubuhi, kabla ya chai, nikawatoa wote nje, watoto, vijana wa mji, hata dada mtu aliyekuwa anatafuta viatu vyake aondoke. Nikasema: "Hakuna kula mpaka kazi hii iishe. Nendeni mkayabebe mawe yote ya babu yenu, lisibaki hata moja majini, myalete hapa palipoanguka jiko. Madogo ni ya msingi. Makubwa matatu achague babu yenu mwenyewe, yawe mafiga ya mama yenu. Na mtu asiwashe moto leo. Jiwe la ziwani linapasuka likiwashiwa moto bado bichi. Yaacheni juani, yakauke."